Mama, Sema Namna Mkono Ulivyoumia

Najua wengine mmetoka mbali, mkipanda na kushuka milima tangu alfajiri, mtoto mgongoni na matope miguuni. Watoto watapimwa kilo, sindano zitatolewa, na wenye mimba wataonekana kila mmoja kwa zamu yake. Lakini kwanza tukae kidogo. Leo hatutasema habari ya malaria wala ya uji wa mtoto. Leo tutasema habari ya kifundo cha mkono, na habari ya fishi.

Pengine mama mmoja anasema moyoni: Mkono na karatasi, vinapatana namna gani? Sikilizeni basi habari ya mama mmoja aliyefika kwetu.

Mama huyu alikuwa na mkono wa kuume uliovimba kidogo tu. Ukiuangalia unaweza kusema si kitu. Lakini hakuweza kukamua nguo, wala kuinua sufuria ya maharagi kutoka motoni, wala kushika jembe zaidi ya saa moja. Miezi sita ilikuwa imepita. Alianguka wakati wa mvua, akishuka mlima na kitunga cha viazi mgongoni, akajishika chini kwa mkono mmoja. Kesho yake alikwenda kituo cha afya, akasema, "Muganga, mkono inaniuma." Wakamwandikia juu ya fishi: maumivu ya mkono. Wakampa vidonge. Kisha risasi zikasikika katika kijiji chao, akakimbia na watoto, fishi ikabaki nyumbani. Mahali pa pili alisema tena mkono unamwuma, wakampa vidonge. Mahali pa tatu ni vilevile. Alipofika kwetu tukapiga picha ya mifupa, tukaona mfupa mdogo wa kifundo umevunjika, na vipande viwili havikushikana tena.

Tukamwuliza: "Mama, siku ya kwanza hukusema ulianguka?" Akajibu: "Hawakuniuliza, na mimi sikusema. Nilifikiri muganga ataona."

Kosa lilikuwa la nani? Mimi nasema kosa kubwa lilikuwa letu sisi waganga, sababu kuuliza ni kazi yetu. Lakini mama ndiye aliyebaki na mkono.

Sasa tuangalie kifundo chenyewe. Shikeni kifundo cha mkono wenu wa kushoto kwa vidole vya mkono wa kuume. Kigeuzeni polepole. Ndani yake kuna mifupa midogo minane, imepangwa kama mawe ya mtoni katika mistari miwili, na juu yake inafika mifupa miwili mirefu kutoka kwenye kiwiko. Vitu vingi vinapita katika nafasi ndogo! Mnapokata kuku na kufungua kiungo cha mguu, mnaona nini? Mnaona mahali panapong'aa, na maji kidogo yanayoteleza kama ute wa yai. Maji hayo yanatoka katika utando mwembamba unaofunika kiungo kwa ndani. Sisi nasi tunao utando huo. Ndio unaotia kiungo mafuta yake ili mifupa isisagane. Na kamba zinazovuta vidole zina utando wa namna hiyo unaozizunguka, kama kitambaa kinavyozunguka mshipi.

Utando huo ukiumia, unatoa maji mengi kuliko kawaida. Kifundo kinavimba, kinakuwa kizito, asubuhi kinakataa kukunjika. Basi hapa ndipo shida inapoanza: kuvimba ni kumoja, lakini sababu ni nyingi. Kifundo kilichovimba hakisemi chenyewe kwa nini kimevimba. Mwenye kusema ni mama.

Kuna mama aliyeanguka. Kwake utando umegongwa, au kamba zinazofunga mifupa zimevutika, au mfupa umevunjika.

Kuna mama ambaye hakuanguka hata kidogo, lakini ni wakati wa kulima, amelima tangu asubuhi mpaka jua kuzama siku nyingi, na jioni anatwanga sombe kwenye kinu. Kwake utando wa kamba umechoka na kusuguana. Ukiweka kidole juu ya kifundo chake akikunja mkono, unasikia kitu kinakwaruza kama majani makavu.

Kuna mama aliyezaa miezi michache iliyopita. Anasikia maumivu makali upande wa kidole gumba kila anapomwinua mtoto kwa kumshika chini ya makwapa. Huyu ni wengi wenu! Naona mama mmoja pale nyuma anacheka na kushika mkono wake. Mama, hukurogwa, wala mtoto wako si mzito kwa ubaya. Kamba mbili za kidole gumba zimebanwa katika utando wao kwa sababu ya kuinua na kuinua. Mwinue mtoto kwa kuweka mkono chini ya matako yake na mwingine nyuma ya mgongo, viganja vikiangalia juu, kama unavyobeba kuni. Mara nyingi hilo peke yake, pamoja na kupumzisha gumba kwa kulifunga na kibao chepesi wiki chache, linasaidia sana.

Na kuna mwenye mimba ambaye usiku vidole vinamfanya ganzi, anaamka na kukung'uta mikono. Hii inatokana na maji ya mimba yanayobana mshipa wa fahamu katika kifundo. Mara nyingi inapunguka baada ya kuzaa. Lakini useme, sababu mwenye mimba anayevimba mikono na uso, na kichwa kinamwuma, au macho yanaona giza, huyo hana shida ya kifundo. Huyo apimwe damu inavyosukuma, leo leo.

Tena kuna magonjwa mawili ninayoyaogopa. La kwanza ni usaha ndani ya kiungo. Kifundo kinakuwa chekundu, cha moto, mgonjwa ana homa, hataki mtu aguse. Mtoto mchanga hasemi; yeye anaacha tu kuchezesha mkono mmoja na analia ukimvalisha nguo. Usaha unakula kiungo kwa siku chache. Msingojee siku ya kliniki, msingojee soko lipite. La pili ni kifua kikuu cha mifupa. Hicho kinakuja polepole, wiki na miezi, bila kuanguka, mtu anakonda, na pengine nyumbani kuna anayekohoa.

Mnaona, wamama? Kifundo kimoja kilichovimba, njia tano, sita. Dawa si moja.

Sasa nitawaambia jambo ambalo hamkuzoea kuambiwa, sababu tunadhani ni mambo ya waganga peke yao. Mkitoka hapa, maneno yenu hayabaki hapa. Katika hospitali kubwa maneno ya muganga yanageuzwa kuwa alama, herufi moja na hesabu. Alama hizo zinatoka katika orodha ya magonjwa ya OMS, shirika la afya la dunia nzima. Orodha hiyo ni ya zamani. Mfaransa mmoja, Jacques Bertillon, alileta orodha ya kwanza katika mkutano wa Chicago mwaka 1893, na wakati ule ilikuwa ya kuhesabu waliokufa tu. Ile ya kumi ilikubaliwa mwaka 1990, na ya kumi na moja ilianza kutumika mwezi wa kwanza wa 2022.

Kwa nini alama? Kwa sababu mmoja anaandika kwa Kifaransa, mwingine anasema Kiswahili, mama anaeleza kwa Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda, na mwingine kwa Kirega. Alama inasema neno moja kwa wote.

Nitawatolea mfano kwa orodha ya kumi. Vidonda na maumivu ya kuanguka, kugongwa na kupigwa yanakaa chini ya herufi S. Magonjwa ya viungo yasiyotoka kwa kuanguka yanakaa chini ya herufi M. Mama aliyeanguka, kifundo kikateguka na utando ukaumia, anaandikwa S63.5. Yule wa mfupa mdogo uliovunjika upande wa gumba ni S62.0. Mama wa jembe na kinu, ambaye kifundo kinakwaruza, ni M70.0. Mama wa kuinua mtoto ni M65.4. Usaha katika kiungo ni M00. Kifua kikuu cha mifupa kinakaa mbali nao wote, A18.0, pamoja na kifua kikuu kingine. Na ukisema tu "mkono inaniuma," utapata alama ya maumivu, ambayo haisemi kitu kwa mtu atakayeisoma baadaye.

Msijifunze hesabu hizo, mimi mwenyewe ninaziangalia katika kitabu. Ninataka mwone jambo moja tu: neno "nilianguka" linakutoa chini ya M na kukupeleka chini ya S. Muganga akiona S, anafikiri mfupa, anagusa kile kishimo kidogo chini ya gumba, anaomba picha. Akiona M, anafikiri kuchoka kwa kamba, anakupa vidonge na kukuambia upumzike. Yule mama wa viazi alipita njia ya M miezi sita, na ugonjwa wake ulikuwa wa S.

Mtasema: Kituo chetu cha afya hakina kitabu cha alama, kina daftari tu. Ni kweli, na daftari linatosha. Mwuguzi anaandika kwa maneno, mwisho wa mwezi anahesabu, na hesabu inakwenda katika ofisi ya zoni ya afya, iwe Masisi, Mweso, Kirotshe au Katoyi, au upande wa Walikale, iwe Pinga, Kibua au Itebero. Kutoka pale inakwenda mbele. Wakiona katika hesabu watu wengi walioanguka na kuvunjika, wanaweza kufikiri habari ya plasta, vibao na mashine ya picha. Wakiona "maumivu" tu, watatuma vidonge vya maumivu. Nani atawalaumu?

Basi, mama, ukifika mbele ya muganga (na hapa kwetu hata mwuguzi tunamwita muganga) usingojee aulize. Sema hivi, kwa maneno yako mwenyewe: ni mkono gani, wa kuume au wa kushoto. Ni siku gani. Kama hujui tarehe, sema ni siku ya soko gani, au ni kabla au baada ya kuvuna maharagi. Ulifanya nini: ulianguka juu ya kiganja, ulipigwa na mchi, ulianguka kwenye pikipiki, au hukuanguka. Mkono upi unautumia kwa kazi. Kama una mimba, na miezi mingapi. Kama kuna kidonda, lini ulipata sindano ya pepopunda. Na kama mtu alikwisha kukukanda, kukufunga au kukuchanja chale, sema pia. Hatutakukemea. Au tuseme hivi: hatupaswi kukukemea, na akikukemea mmoja wetu, mwambie mkubwa wake.

Neno la mimba lisisahauliwe. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wengi wanapewa kwa viungo au wananunua sokoni, si nzuri kwa mwenye mimba, na zaidi sana katika miezi mitatu ya mwisho zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Parasetamoli inafaa zaidi, kwa kipimo mnachoambiwa. Na picha ya mkono? Mwenye mimba anaweza kupigwa picha ya kifundo, lakini aseme, ili tumbo lifunikwe.

Akikwisha kuandika, mwombe akusomee. Usione haya. Sema: "Muganga, tafadhali nisomee ulichoandika." Usikie kama kuna upande, siku na namna ulivyoumia. Nimekwisha kuona fishi inayosema kushoto na mama ameshika kuume. Tulicheka siku ile, lakini kama ni siku ya kupasua hatungecheka.

Kuna jambo moja kuhusu picha. Ule mfupa mdogo wa upande wa gumba ni mwerevu. Siku ya kwanza unaweza kuwa umevunjika na picha isionyeshe. Kwa hiyo muganga akikuta maumivu katika kile kishimo, atafunga mkono hata kama picha ni safi, na atakuambia urudi baada ya siku 10 mpaka 14. Wamama wengi hawarudi. Wanasema, "Picha ilikuwa nzuri, kwa nini nirudi?" Mama, urudi. Mfupa ule una njia moja ndogo ya damu, ukikaa bila kufungwa unaweza kukataa kushikana, na sehemu yake inaweza kufa. Siku ya kurudi iandikwe juu ya fishi, na aliyekufunga aandike siku aliyokufunga.

Nyumbani, kabla ya kufika kwetu, fanyeni hivi. Vueni pete na bangili mara moja, kabla vidole havijavimba. Wekeni kitambaa cha maji baridi. Fungeni mkono shingoni kwa kitenge, kiganja kiwe juu kuliko kiwiko. Msikande kwa nguvu. Najua katika vijiji kuna wazee wanaojua mifupa, na wengine wana mikono mizuri, siwatukani. Lakini kukanda mfupa uliovunjika kunausogeza, na kufunga vipande vya mianzi kwa kukaza sana kunakata damu. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifanya ganzi, au maumivu yakizidi, fungua palepale, iwe ni mzee aliyefunga, iwe ni sisi. Na chale juu ya kiungo kilichovimba, hapana. Huo ni mlango wa usaha.

Sasa fishi yenyewe. Tangu vita vya mwaka 1993, vilivyoanza upande wa Walikale na kufika Masisi, wengi wenu mmekimbia mara nyingi kuliko mnavyoweza kuhesabu. Mama anayekimbia anashika watoto, sufuria, na kitenge. Siwezi kumwambia ashike karatasi kwanza. Lakini fishi yako ikikaa pamoja na karti za sindano za watoto, katika mfuko mmoja wa plastiki, na mfuko ukikaa mahali pamoja sikuzote karibu na nguo za mtoto, utaubeba bila kufikiri. Mwenye simu katika nyumba apige picha ya karatasi. Na asiye na simu wala mfuko abebe maneno kichwani: "Niliteguka kifundo cha kuume, nilianguka, nilifungwa wiki mbili, sikupigwa picha." Maneno hayo hayaloweshwi na mvua.

Jambo la mwisho ni zito, na nitalisema polepole. Si kila kifundo kinaumia kwa kuanguka. Kuna mikono iliyopindwa. Kuna iliyoshikwa kwa nguvu mpaka alama za vidole zikabaki. Na mama anafika kwetu anasema, "Niliteleza kisimani." Sisi tunaona, lakini hatuwezi kuandika asichosema. Katika orodha ile kuna alama za kuteleza, na kuna nyingine za kupigwa na mtu. Ukisema kweli, iandikwe siku, iandikwe mahali, vipimwe alama za mkononi, karatasi hiyo inaweza kukusaidia siku utakayotaka kwenda mbele ya sheria, hata kama leo hutaki. Ukiogopa fishi isisomwe nyumbani, sema, tutaandika katika daftari letu tu, na daftari halitoki hospitalini. Unaweza kuomba kusema na mwuguzi mwanamke, peke yenu, mlango umefungwa. Na kama alikushika mikono ili akufanye mabaya mengine, njoo haraka, kabla ya masaa 72 kupita, sababu dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inapaswa kuanza ndani ya masaa hayo. Masaa yakipita, njoo hata hivyo, kuna msaada mwingine. Mume, mkwe au jirani akiuliza ulikuja kufanya nini, tutasema ulikuja kliniki. Na kweli, umekuja kliniki.

Basi, naona mzani umekwisha kutundikwa na watoto wameanza kulia kabla hata ya kuguswa. Toeni fishi zenu sasa. Mama mwenye maumivu ya mkono asiende kupima mtoto kwanza, apite hapa upande wangu na tusome pamoja kilichoandikwa. Asiyeandikiwa upande wa mkono, tutauandika leo.